Dirisha la Tisa la Pellingham

Ghorofani, upande wa mbele, jumba la Pellingham lilikuwa na madirisha tisa, na Cyril Hobday aliishi nyuma ya lile la tisa. Angeweza kujivunia jambo hilo, isipokuwa la tisa halikuwa dirisha. Lilikuwa ukuta. Ukuta wa matofali uliopigwa lipu, kisha ukachorwa vioo kumi na viwili, mbao nyeupe za kugawia vioo, na pazia la buluu upande mmoja. Na mchoraji ni Cyril mwenyewe. Kila baada ya miaka mitano alipanda ngazi na makopo yake manne ya rangi, akachora mwanga kwa faida ya wapita njia, akashuka, akazunguka nyuma, akapanda ngazi za watumishi, akaingia jikoni kwake na kuwasha taa. Saa saba mchana. Mwezi wa Julai.

Giza hilo lilikuwa na ukoo wake. Lilitoka kwa akina Dace, watu ambao wamemiliki Pellingham kwa miaka mia nne na hawajawahi kuuacha ukuta upumzike. Wa kwanza alijenga nyumba ya matofali mekundu, dari za kugonga kichwa, na mabomba ya moshi yaliyosokotwa kama mkate. Nyumba ya kuishi tu, basi. Kilembwe wake, Sir Gervase, alipelekwa Italia akiwa na miaka ishirini ili akaelimike. Alikaa miezi minane, akarudi na ugonjwa ambao familia haiutaji na mapenzi makubwa ya nguzo. Akabandika uso mzima wa mawe meupe juu ya matofali ya wazee wake, kama mtu anayevaa shati safi juu ya fulana ya juzi. Sasa Italia ilidai ulinganifu: madirisha manne kushoto, moja juu ya mlango, manne kulia. Tatizo, nyuma ya lile la mwisho la kulia kulikuwa na chumba cha watumishi, na mtumishi mwenye dirisha linalotazama mlango mkuu ni mtumishi anayejua nani kashuka kwenye gari la farasi na mke wa nani. Sir Gervase akatatua mambo yote mawili kwa ndoo moja ya rangi.

Miaka mia na ushee baadaye akaja Dace mwingine, huyu alipenda makanisa. Akajenga mnara nyuma, wenye mashetani ya mawe yanayotema maji ya mvua, nao ukasimama hatua mbili kutoka kwenye dirisha la kile ambacho sasa ni chumba cha kulala cha akina Hobday. Tangu hapo chumba kinatazama tumbo la mnara. Halafu, mwaka 1911, Dace wa wakati huo akaoa Mmarekani tajiri aliyeshangaa kwamba watu wenye vyeo vile wanaoga kwenye beseni. Yakajengwa mabafu sita, na mabomba yake yote yakapitishwa mbele ya kijidirisha cha ujia. Kila Dace aliongeza kitu anachokipenda, na kila kilipoongezwa kitu, giza liliongezeka kwenye vyumba vitatu vilevile. Na hakuna hata mmoja wao aliyemwomba mtu ruhusa.

Cyril alizaliwa kijijini hapohapo, mtoto wa fundi lipu, akashika brashi akiwa na miaka kumi na minne. Vita vilipokuja, jeshi lilimtazama miguu, likamtazama macho, likampeleka kwenye kikosi kilichochora vifaru vya uongo juu ya turubai na mbao, ili ndege za Wajerumani zimwage mabomu yao kwenye shamba la viazi. Cyril alipigana vita vyote kwa kudanganya watu walio juu. Aliporudi alikuwa na kipaji kikubwa cha kufanya kisichokuwepo kionekane kipo, na kwa kipaji hicho nchini Uingereza kuna kazi mbili tu: siasa na majumba ya kale. Akachagua ile yenye heshima. Mwaka 1951 akaajiriwa Pellingham, akapewa vile vyumba vitatu, akamleta mkewe, Enid.

Enid alikuwa mfuma lesi, kama mama yake na bibi yake. Unaweka mto mgumu mapajani, unachomeka pini mia mbili, unaning'iniza jozi arobaini za vijiti vyenye uzi mwembamba kama unywele, halafu unavirusha huku na huku mpaka litoke ua. Kazi hiyo inataka mwanga wa jua. Wanawake wa ukoo wake walifumia mlangoni, baridi au joto. Enid alifumia chini ya balbu kwa miaka ishirini na mitatu, mpaka macho yakaanza kumgeuka. Mwezi wa Aprili 1974, akiwa na miaka hamsini na sita, alifumua ua lilelile mara tatu, akaweka mto mezani.

"Cyril."

"Naam."

"Mabel kaandika tena."

Mabel ni dada wa Enid, mjane, anakaa Skegness, pwani, kwenye nyumba ndogo ya chini ambayo haina historia yoyote bali ina dirisha la sebuleni pana kama kitanda.

"Anasemaje?"

"Anasema chumba kipo. Anasema saa kumi na moja jioni bado anashona bila taa."

"Mabel hajui kushona."

"Hajui. Lakini anaona vizuri jinsi asivyojua." Enid akavua miwani. "Mume wangu, nisikilize. Miaka yote hii unalipaka hilo dirisha kwa nje. Mimi niko ndani. Nakupa mpaka Sikukuu ya Mikaeli, mwisho wa Septemba. Kama hapo ukutani hakuna dirisha la kweli, napanda basi la saa tano na mto wangu. Wewe baki na Dace zako."

"Utaniacha kwa sababu ya dirisha?"

"Nani kasema nakuacha? Nitakuandikia kila wiki. Sijui tu hizo barua utazisomea wapi."

Kuhama halikuwa jambo rahisi. Vijumba vya mtaani vilivyokuwa vya wafanyakazi Sir Lionel Dace alikwishawauzia watu wa London, wanaokuja Jumamosi kulalamikia harufu ya ng'ombe. Na isitoshe Cyril alilipenda jumba lile, kama mtu anavyompenda mjomba mlevi: unajua kasoro zake zote maana ni wewe unayembeba. Basi asubuhi ya pili akaenda kwa Sir Lionel. Alimkuta chumba cha kifungua kinywa, yai la kuchemsha mbele yake na mbwa juu ya kiti kinachofuata.

"Sir Lionel, nimekuja kwa habari ya dirisha la jikoni kwetu."

"Limevunjika kioo?"

"Haliwezi kuvunjika, Sir."

"Safi sana. Kazi za zamani hizo, Hobday. Siku hizi hawajui."

"Ni ukuta, Sir."

Sir Lionel alishusha kijiko. Alikuwa na miaka sitini na moja, amezaliwa ndani ya nyumba hiyo. "Ukuta? Lile la mwisho kulia? Usinitanie. Krismasi ya juzi nimempungia mkono mkeo pale. Hakunijibu. Nikasema, labda mama amenuna."

"Ulipungia tofali, Sir."

"Lina pazia la buluu!"

"La kuchora, Sir. Nililichora mimi."

Sir Lionel akamtazama mbwa, mbwa akatazama yai. "Haya," akasema mwishowe, "toboa basi. Ila siku hizi kuna sheria. Jumba liko kwenye orodha ya serikali, hata msumari unaombewa ruhusa. Tuwaandikie halmashauri."

Hivyo ndivyo ilivyokuwa. Kwa miaka mia nne akina Dace wamebomoa, wamebandika, wamepachika mashetani, na sheria ilikuwa imelala fofofo. Siku mke wa mpaka rangi alipotaka kuona uzi wake, sheria ikaamka, ikanawa uso.

Halmashauri ilimtuma afisa wake wa majengo ya kale, Bwana Desmond Fairlie, kijana mwenye suruali ya kodrai na shahada mbili, zote za kutazama nyumba za watu. Alisimama kwenye changarawe mbele ya jumba, akainua darubini kuelekea la tisa, akashika kifua.

"Mungu wangu. Bwana Hobday, unajua hiki ni kitu gani?"

"Ukuta, bwana."

"Ni dirisha la uongo la karne ya kumi na nane! Lililo bora kuliko yote niliyoyaona! Tazama wepesi wa mkono. Tazama jinsi fundi alivyoliacha pazia lipumue. Siku hizi hakuna mtu anayeweza hivi."

"Nilikuwa na haraka, bwana. Mvua ilikuwa inakuja."

Bwana Fairlie alicheka kwa huruma, kama daktari anayeambiwa na mgonjwa jina la ugonjwa. "Najua unaongezea rangi juu. Hiyo ni kazi muhimu, usijidharau. Lakini chini yake upo mkono wa asili."

"Chini yake kuna rangi ya jeshi, bwana. Nilikuja nayo kutoka vitani, makopo sita. Na chini ya hiyo lipu ya baba yangu."

"Inawezekana, inawezekana," akasema Bwana Fairlie, akaandika daftarini maneno mengine kabisa.

Mwezi wa Julai barua ikaja. Enid akaisoma chini ya balbu, miwani puani, kidole mstari kwa mstari. Ilisema kwamba ombi limekataliwa. Kwamba dirisha la uongo ni sehemu ya ukweli wa jumba. Kwamba kulifungua kutaharibu nia ya marehemu Sir Gervase. Na kwamba mwenye jumba anakumbushwa kulipaka upya kabla ya msimu wa baridi, kama lilivyoelezwa kwenye orodha ya serikali.

"Kwa hiyo uongo una barua ya kuulinda," Enid akasema. "Mimi je?"

Enid aliinuka, akashusha sanduku kutoka juu ya kabati, akaanza kulipangusa vumbi. Hakusema kitu kingine. Watu walio kwenye ndoa wanajua kwamba matusi huwa ni afadhali.

Mwezi mzima sanduku lilikaa wazi kando ya kitanda, na kila Jumapili kikaingia kitu kingine. Kwanza pini. Halafu nyuzi. Halafu zile soksi nzito, ambazo mtu hazibebi kwa matembezi.

Sasa Cyril alikuwa na ugonjwa mmoja wa mafundi wa zamani: kazi akishaambiwa ifanywe, ataifanya sawasawa, hata kama ni ya kumchimbia kaburi. Barua ilisema dirisha lipakwe kama lilivyoelezwa kwenye orodha. Yeye orodha hajawahi kuiona. Basi siku moja ya Agosti akavaa koti lake la kanisani, akapanda basi mpaka mjini, akapanda ghorofa tatu za ofisi ya halmashauri, akavua kofia mbele ya Bwana Fairlie.

"Nimekuja kusoma hayo maelezo, bwana. Nisije nikachora kitu ambacho serikali haikitaki."

Bwana Fairlie aliguswa. Angetamani mafundi wote wawe hivyo. Akavuta faili la kijani, akapuliza vumbi, akasoma kwa sauti ya mtu anayesoma somo la pili kanisani: "Pellingham, jumba la ukoo wa Dace. Uso wa mawe, mapema karne ya kumi na nane. Ghorofani madirisha tisa ya kupandisha, yote yenye mbao na vioo vyake vya asili. La tisa..."

Akasogeza karatasi karibu na macho.

"La tisa, bwana?"

"La tisa limeachwa wazi upana wa kiganja, upande wa chini."

Inzi alikuwa anatembea juu ya faili. Wote wawili wakamtazama mpaka akafika ukingoni.

Cyril alikumbuka. Mwaka 1953, kiangazi cha joto kali, Enid alimwambia kwa hasira kwamba kama hawezi kumpa dirisha basi angalau alifungue hilo la uongo, na yeye kwa kutaka amani akalichora limeinuliwa chini kidogo, na kivuli cheusi kwenye uwazi. Miaka miwili baadaye, kabla hajalipaka upya likiwa limefungwa, akaja mtaalamu kutoka London kuandika orodha. Alikuwa na majumba sita ya kumaliza kabla ya chai, na ilikuwa inanyesha, kwa hiyo aliiandika Pellingham yote bila kushuka kwenye gari. Rubani wa Kijerumani angalau alikuwa na udhuru wa kuwa mbali.

"Aliliona ni dirisha," Cyril akasema polepole.

"Orodha haikosei," Bwana Fairlie akasema upesi mno.

"Basi dirisha lipo."

"Lipo."

"Liko wapi, bwana?"

Bwana Fairlie akatazama meza yake. Alikuwa na karatasi mbili mezani. Moja ya serikali, yenye muhuri, iliyosema pale pana vioo. Nyingine ya kwake, ya mwezi uliopita, iliyosema hapajawahi kuwa na vioo tangu Sir Gervase. Kuiambia London kwamba mtaalamu wao alidanganywa na kopo la rangi maana yake faili lote lifunguliwe upya, na kwenye faili hilohilo kulikuwa na meko ya mawe ya kale ambayo Bwana Fairlie alikwishaiandikia makala ya kurasa arobaini.

"Na ile meko ya ukumbini," Cyril akasema, kwa nia safi kabisa, "nayo imeandikwa humo? Maana ile ililetwa na lori mwaka ishirini na sita, kutoka hoteli iliyobomolewa. Baba yangu ndiye aliyeipokea."

Bwana Fairlie alipoteza rangi usoni. "Tusirukie mambo, Bwana Hobday. Tuko kwenye dirisha."

"Sawa, bwana. Dirisha lilikuwepo mwaka hamsini na tano, sasa halipo. Kwa hiyo limezibwa?"

"Kisheria... limezibwa."

"Bila ruhusa?"

"Ruhusa ingekuwemo humu kwenye faili."

"Ni kosa hilo?"

"Kubwa," akasema Bwana Fairlie, na kadiri alivyolisema ndivyo lilivyompendeza. Kosa lilikuwa la mtu mwingine. Akavuta karatasi safi.

Amri ilifika Pellingham wiki ya kwanza ya Septemba: mwenye jumba arudishe dirisha la tisa, lililozibwa kinyume cha sheria na mtu asiyejulikana, ndani ya siku ishirini na nane, la sivyo atafikishwa mahakamani. Sir Lionel alipanda ngazi za watumishi kwa mara ya kwanza maishani, akafika juu anatweta.

"Hobday! Nani kaziba dirisha langu? Si nilikwambia lipo? Nilikwambia, ukanibishia!"

"Ulinishinda, Sir."

"Litoboe! Leo! Babu yangu alikuwa hakimu, mimi siwezi kwenda kukaa kizimbani kwa sababu ya kioo!"

Cyril alianza siku hiyohiyo. Alikata lipu ya baba yake, akafika kwenye matofali, akayatoa moja moja kwa patasi na nyundo, huku akiwa ametundika turubai nje ili uso wa Sir Gervase usipate mkwaruzo. Mbao alizichonga mwenyewe, kwa kupima la nane. Vioo vya zamani, vyenye mawimbi, alivitoa kwenye banda la maua lililoanguka, mahali ambapo akina Dace walikuwa wameviacha kwa sababu ni vya zamani. Tarehe ishirini na saba akaning'iniza vizito vya kusaidia dirisha kupanda, akafunga kamba, akashusha turubai.

Mwanga ukaingia jikoni kama mgeni asiyebisha hodi. Ukapita juu ya meza, ukapanda jiko, ukalala ukutani. Enid alisimama na birika mkononi.

"Cyril. Hii rangi ya ukuta ni nini?"

"Krimu."

"Hii?"

Cyril akatazama. Ilikuwa rangi ya haradali iliyosahauliwa. "Kopo liliandikwa krimu," akasema.

"Miaka ishirini na mitatu nakula chakula ndani ya haradali, na mume wangu fundi rangi." Lakini birika alikuwa amelishika kwa mikono miwili, na hakuliweka chini kwa muda mrefu.

Sanduku, hata hivyo, halikutolewa kitu. Cyril aliliangalia kila alipopita. Alijua mkewe: hatasema mpaka siku aliyoisema.

Siku ya Mikaeli ilipambazuka na upepo wa kaskazini wa kukata masikio. Enid alivaa koti lake la safari na kofia, akaketi jikoni, mto wa lesi umefungwa kwa kitambaa miguuni pake. Saa nne na nusu akaja Bwana Fairlie kukagua. Akapima mbao, akagonga vioo kwa ukucha, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Kisha akafungua faili.

"Safi sana. Hapajaharibika kitu. Limebaki jambo moja tu. Orodha inasema wazi upana wa kiganja."

"Likiwa limefungwa si dirisha?" Cyril akauliza.

"Ni dirisha, ila si hili." Akapandisha dirisha, akapima kwa kiganja chake mwenyewe, akamwomba Cyril misumari miwili ya kulizuia hapo. "Libaki hivi. Kiangazi na masika, na theluji ikija. Msiliguse, tafadhali, nitapita kuangalia."

Upepo ulipuliza kalenda ukutani, ukabeba kitambaa cha sahani, ukamwaga chumvi. Bwana Fairlie aliwapa mkono, akashuka ngazi akipiga mluzi. Cyril alisimama na nyundo mkononi, mbele ya ule uwazi, baridi ikimpita mbavuni. Alikuwa amewashinda akina Dace wote, halmashauri na serikali ya London, halafu ameshindwa na kiganja cha mtu. Hakuna mwanamke wa miaka hamsini na sita atakayefuma lesi katika upepo huu wakati Skegness kuna chumba chenye joto.

Nyuma yake alisikia kitambaa kikifunguliwa. Akasikia vijiti vikigongana, vichache kwanza, halafu vingi, halafu kwa ule mwendo wa haraka ambao alikuwa hajausikia tangu wakiwa wachumba. Hakuthubutu kugeuka. Chini kabisa, mwisho wa njia ya miti, kitu chekundu kilitokea nyuma ya ukuta wa kanisa.

"Enid," akasema. "Basi lile."

"Naliona."

"Litasimama. Ukitoka sasa hivi utaliwahi."

"Cyril, nina jozi arobaini hapa na ndiyo kwanza nimeingia kwenye kona." Alikuwa bado na kofia, kola ya koti imepandishwa mpaka masikioni, pua nyekundu. "Niletee zile soksi nzito kwenye sanduku. Na hebu sogea pembeni, umenizibia."